Zangief wangu anakwama kwa JP, nichukue bakapu (karakta wa akiba) gani?

Kaka mshauri, heshima yako.

Mi ni mtu wa Zangief, lile jitu la kukamata. Street Fighter 6, gemu ya kupigana, imetoka 2023 nikamchukua yeye na sijawahi kuwa na karakta mwingine wa maana mpaka leo, nimepanda naye kutoka ranki za chini hadi Master, ranki ya juu, na huko Master pointi zangu ziko juu kidogo ya ile 1500 ambayo kila mtu anaanzia, kwa hiyo gemu naijua na karakta wangu namjua. Napenda kukamata bana. Napenda pale mtu yuko kwenye kona hajui abloku au aruke na mi nimesimama tu mbele yake sifanyi kitu, namwacha afikirie.

Shida inakuja kwenye tonamenti. Onlaini nikikutana na JP nikapigwa napotezea, mechi inayofuata ni mtu mwingine, maisha yanaendelea. Tonamenti seti ni mbili kwa tatu na ukipoteza seti mbili umetoka, na mi kila nikishiriki wananitoa watu wale wale, yaani JP, Guile, na kuna jamaa mmoja wa Dhalsim. Wengine nawamudu. Ken, Luke, Cammy, hata Akuma nakaa naye vizuri tu. Ila JP sasa, miiba inatoka chini, kuna vimlango vyake vya zambarau, kuna mizimu, natembea mbele napigwa, naruka napigwa, nikija kumfikia nimebaki na damu robo, alafu nikimwangusha nikasema haya sasa zamu yangu, nampiga anapoamka, anatoa kile kitu chake cha kupokea pigo, mabomu yananiganda mwilini, ananirudisha mwisho wa skrini tunaanza upya. Tonamenti iliyopita ndo iliniuma zaidi, JP kanitoa upande wa washindi, nikashuka upande wa waliokwisha poteza mara moja nikamkuta Guile ananisubiri.

Washkaji kila mmoja ana lake. Mmoja anasema chukua Akuma, ana kila kitu na yuko juu kwenye listi zote za nguvu. Mwingine anasema chukua Manon maana naye ni wa kukamata, hutapata shida kumzoea. Wa tatu anasema baki na Zangief wako, mtu wa karakta wawili hana hata mmoja, we jifunze hizo mechi. Nimejaribu Ken nikaacha, nikajaribu Akuma nikaacha, Juri naye vile vile, na kinachonitisha ni kwamba kila nikirudi kwa Zangief mikono imekuwa mizito, nazungusha 360, ile duara nzima ya kumkamata mtu, ananirukia juu, nachelewa kwenye vitu ambavyo nilikuwa navifanya bila hata kufikiria. Naogopa natafuta wa pili naishia kumharibu wa kwanza.

Sasa kaka, nahitaji kweli bakapu au nakimbia tatizo? Kama nahitaji, nani hasa na namchaguaje? Namtoa mwanzo au nikishapigwa? Na namfanyia mazoezi vipi bila kumuua Zangief? Kuna tonamenti nyingine inakaribia na JP wawili ninaowajua watakuwepo.

Mkamataji


Mdogo wangu Mkamataji,

Barua yako nimeisoma nikairudia. Washkaji zako watatu wote wameongelea karakta, huyu chukua yule acha, ila hakuna hata mmoja aliyegusa sheria ya tonamenti, na mi naona hapo ndo pa kuanzia kabla hatujataja jina la mtu yeyote. Sheria inayotumika karibu kila tonamenti ya gemu za kupigana ni hii: mechi ikiisha, aliyeshinda anabaki na karakta yule yule, aliyepoteza ndo ana ruhusa ya kubadilisha.

Ifikirie taratibu. Unaanza na Zangief, JP anakupiga ya kwanza, unamtoa bakapu. Huyo bakapu anaingia akiwa nyuma 0-1, mikono yako bado ina Zangief ndani yake, na anatakiwa ashinde mbili mfululizo la sivyo seti imeisha. Kwenye seti za mwisho mwisho zinazochezwa tatu kwa tano angalau kuna pumzi, lakini wewe JP anakutoa kabla hujafika huko. Alafu kuna upande wa pili ambao watu wanausahau kabisa, bakapu akishinda basi wewe ndo umefungwa naye. Jamaa wa JP kapoteza, sasa ruhusa ya kubadilisha ni yake, akileta mtu anayemsumbua bakapu wako huwezi kumrudisha Zangief, unabaki hapo hapo mpaka upoteze. Watu wengi wanachukua bakapu wakidhani ataingia, atamaliza kazi, atatoka. Sheria hairuhusu hivyo, na ndo maana namna ya kumchagua inabadilika kabisa ukishaijua.

Swali lako la kwanza, kama unahitaji kweli. Jibu langu ni ndiyo, kwa JP, ila kabla ya hapo kuna kitu umekiandika kwenye barua kimenisimamisha. Umesema ukimwangusha JP unampiga anapoamka, naye anatoa kile kitu cha kupokea pigo na mabomu yanakuganda. Kile kinaitwa Amnesia. Kinapokea ngumi, kinapokea teke, kinapokea kombora. Mkamato hakipokei. Sasa mdogo wangu wewe ni Zangief, una Screw Piledriver, una mkamato ambao watu wote kwenye hii gemu wanauogopa kuliko kitu kingine chochote, na JP akiamka unampa ngumi, kitu kile kile anachokisubiri. Mshike! Ile anayoitegemea akiwa chini ni ya OD, toleo lenye nguvu zaidi, na inamla pau mbili kati ya sita za Drive, ile mita ya nguvu, kila akiitoa, kwa hiyo macho yako kabla hajaamka yaangalie mita yake kwanza, kama Drive imeisha kabisa hana hiyo silaha na hapo ndo ngumi yako ina maana.

Atakachofanya akishajua unashika ni kuruka au kurudi nyuma haraka. Vizuri, hapo sasa amerudi kwenye mchezo wako, umeandika mwenyewe kwamba unapenda mtu afikirie aruke au abaki. Ingia treining, mrekodi JP wa mazoezi mara ya kwanza anatoa OD Amnesia, ya pili anaruka kurudi nyuma, ya tatu anabloku tu, weka azichanganye mwenyewe kila akiamka, alafu kaa naye hapo mpaka mkono wako uache ile tabia ya kubonyeza ngumi. Ukiwa humo humo fanya na mizimu, kuna ule unaopiga, Torbalan, ambao anaweza kuupiga juu au chini, na kuna Embrace ambao unakamata, huu haublokiwi, unarukwa. Watu wengi wanaosema mizimu ya JP haieleweki ni kwa sababu hawajakaa kuitazama rangi na mwendo wake ikija polepole bila presha ya mechi.

Hayo yote yakikaa sawa bado nakwambia JP ni mechi mbaya kwa Zangief, sitaki ufikiri nakuambia ni uzembe wako. Kujua Amnesia kunakusaidia ukishafika karibu, hakukufikishi karibu. Zangief ni mzito, anatembea pole pole, na JP ametengenezwa kumwadhibu mtu wa namna hiyo hatua kwa hatua. Kwa hiyo bakapu kwa JP ni uamuzi wa busara.

Kwa Guile sikushauri ubadilishe. Najua inauma na najua historia ya Zangief na Guile kwenye hizi gemu, lakini Guile ana kitu kimoja JP hana, lazima achaji, yaani ashikilie mwelekeo kwanza ndo pigo litoke. Sonic Boom, kombora lake, anaishikilia nyuma, Flash Kick, teke lake la juu, anaishikilia chini, akiamua kutembea mbele kukufuata anaiachia chaji yake mwenyewe. Maana yake Guile mzuri anarudi nyuma na anayerudi nyuma kona inamsubiri. Wewe pari zile Sonic Boom, yaani zipokee kwa ile kinga ya Drive, badala ya kuziruka, pari inakurudishia Drive, tembea hatua, pari, tembea hatua, usiwe na haraka ya kuruka maana kuruka ndo chakula chake. Una damu 11,000, wengi kwenye gemu wana 10,000, hiyo elfu ya ziada umepewa kwa ajili ya safari kama hiyo. Hii mechi inajifunzika na Zangief yule yule. Na huyo wa Dhalsim ni mtu mmoja, tutaona mbele kidogo.

Haya sasa, nani. Manon mtoe kwenye mawazo kwanza. Naelewa mshkaji wako alivyofikiria, mkamataji kwa mkamataji, ila tatizo lako ni kufika karibu na Manon naye lazima afike karibu ndo aanze kukusanya medali zake zinazoongeza nguvu ya mkamato, hana kombora, njia anayopita ni ile ile inayokushinda wewe. Ni kubeba funguo mbili zinazofanana kwenda kwenye mlango ambao wa kwanza umeshagoma. Marisa na Lily nawaweka karibu na hapo hapo, wana nguvu zao lakini kwa hili la JP watakuacha pale pale ulipo.

Akuma ni kinyume chake, ana majibu yote, ndo maana watu wanampenda, na mi sina ubaya naye. Ila damu yake ni 9,000. Wewe umezoea 11,000 na mchezo wako mzima umejengwa juu ya kukubali kupigwa viwili vitatu ili ufike, ukihamia kwa mtu mwenye 9,000 huku tabia zako ni zile zile utakuwa umekufa kabla hujajua nini kimetokea, na hilo nadhani ndo lililokukuta ukaacha. Tena ana vitu vingi mno vya kujifunza kwa mtu ambaye anahitaji mechi moja tu. Na hii ya kuchagua kwa listi ya nguvu mi siipendi kwa bakapu hata kidogo, ile apdeti ya Mei 2024 iliyokuja na Akuma iligusa karibu karakta wote, aliyekuwa juu leo kesho wanampunguza, na kama sababu yako ya kumchukua ilikuwa kuwa juu basi sababu imeisha. Anayetembea haraka ataendelea kutembea haraka hata wakimpunguzia nguvu ya ngumi.

Mi nakushauri Cammy.

Sababu yangu ya kwanza ni miguu. Anatembea haraka, deshi yake haraka, akipata upenyo mdogo kati ya mwiba mmoja wa JP na mwingine anaufika, upenyo ule ule ambao Zangief anauona anaanza kutembea unafungwa usoni kwake. Ya pili hana chaji wala kuzungusha, ni robo duara na ile zigizaga ya Shoryuken, basi, mikono yako haihitaji lugha mpya. Ya tatu, na hii ndo iliyonifanya nimtaje yeye na siyo Ken, Cammy ana Hooligan. Anajirusha hewani anajikunja kama anakuja kumpiga mpinzani, usipobonyeza kitu anatua na kuteleza kumpiga miguuni, ukibonyeza mtupo anamnyakua. Mtu wa JP aliyezoea kukaa kimya anabloku anasubiri uchoke, akinyakuliwa namna hiyo mara mbili anaanza kubonyeza bonyeza, anaanza kuruka, na hapo unakuwa unacheza akili ile ile ya mkamataji uliyonayo miaka yote, mwili tu ndo mwepesi zaidi. Ken ni mzuri sana, labda hata bora kwa ujumla, lakini ulishamwacha na sioni sababu ya kurudi kwa mtu ambaye mikono yako ilimkataa.

Najua Punk alishinda Evo 2024, tonamenti kubwa kabisa ya gemu hizi, na Cammy, usimchukue kwa ajili hiyo. Punk anacheza Cammy mzima dhidi ya dunia nzima, wewe unahitaji kipande chake tu. Na hapa ndo naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote ya hii barua, hujifunzi karakta wa pili, unajifunza mechi moja. Ken, Akuma na Juri uliwajaribu ukitaka wawe karakta kamili, wapige kila mtu, wapande ranki, ndo maana walikula muda wote na Zangief akakauka. Cammy wako kazi yake ni kumpiga JP. Cammy dhidi ya Honda, Cammy dhidi ya Blanka, kombo za dakika nzima za kwenye video, yote hayo weka pembeni kwanza.

Ukikata hivyo orodha inakuwa fupi kiasi kwamba utashangaa. Unahitaji teke la kati la kuchuchumaa likifuatiwa na Spiral Arrow, lile teke lake la kuchomoka mbele, litoke bila kufikiria ukiwa umbali wa mwisho wa mguu wake. Unahitaji kombo moja ya kona na moja ya kumwadhibu JP akikosea kitu kikubwa, ziwe rahisi, ile inayotoka mara zote chini ya presha ina thamani kuliko ile ya damu nyingi inayotoka siku ukiwa na bahati. Unahitaji Drive Rush, zile mbio za ghafla, ya kutoka kwenye pari, kwa sababu utakuwa unapari sana ukija kumfuata. Na Hooligan. Hata Cannon Spike ya kumzuia anayeruka, ambayo mtu yeyote atakwambia ndo kitu cha kwanza cha kujifunza kwa Cammy, mi nakwambia iache ije baadaye, JP harukii watu, anataka ukae mbali. Na ule ujuzi wa Amnesia uliojifunza na Zangief unahamia moja kwa moja, Cammy ana mtupo wa kawaida kama kila mtu, na mtupo wa kawaida nao unaipiga Amnesia.

Kuna watu watakushauri umcheze kwa kontroli za Modern ili uokoe muda, kitufe kimoja pigo linatoka. Kwa mtu mwingine ningesema sawa. Kwako hapana, kwa sababu vitufe vinahama mahali, na wewe utakuwa unabadilisha karakta katikati ya seti, moyo unadunda, sitaki kidole kitafute ngumi ya kati pahali ambapo haipo. Baki Classic, zile kontroli za kawaida, kwa wote wawili, vitufe vya mtupo na pari viwe pale pale.

Mazoezi. Ranki ya SF6 kila karakta ana yake, kupoteza na Cammy hakugusi hata pointi moja ya Zangief, kwa hiyo mpeleke ranki bila woga, ila kwa muda tu, mpaka mikono imjue anavyotembea na kusimama. Ukishamzoea punguza, kwa sababu huko ranki utakutana na JP mara moja moja na katikati utajaza kichwa na mechi ambazo hatakuja kuzicheza. Tafuta mtu wa JP ambaye atakubali kukaa na wewe, mcheze naye ndefu, mwambie ukweli kwamba unamfanyia mazoezi, watu wa JP wengi watafurahi tu. Riplei unazopigwa zitazame ukiwa umefungua ile mita ya fremu (vipande vya sekunde) chini, utaona pigo gani la JP limemwacha wazi na wewe ulikuwa umesimama tu, kila moja ya hizo ni kombo uliyoiacha mezani.

Kuhusu mikono kuwa mizito. Kila kikao anza na Zangief na umalize na Zangief, Cammy akae katikati. Mikono inakumbuka ilichofanya mwisho. Na ile 360 kukutokea kuruka siamini kama ni Juri wala Ken aliyeiharibu moja kwa moja, ni kwamba ulirudi ukaanza kuizungusha ukiwa umesimama tu bila kitu mbele yake, ambayo hata watu wa Zangief wazoefu inawarusha. Ifiche ndani ya kitu kama zamani, ndani ya ngumi, ndani ya deshi, ndani ya kutua kutoka kuruka. Pasha mikono kwa hizo kwanza kabla ya kwenda mechi yoyote.

Mshkaji wako wa tatu, yule wa mtu wa karakta wawili hana hata mmoja, ana hoja na asidharauliwe. Luffy wa Ufaransa alichukua Evo 2014 kwenye Ultra Street Fighter IV na Rose, karakta ambaye wengi hawakumpa nafasi, tena kwa padi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Ila hata hapo angalia ilikuwa gemu gani, SF4 kulikuwa na kombo za fremu moja, sehemu ya 60 ya sekunde, kumlisha karakta wa pili kulikuwa ghali mno. Hii ya sasa imelegeza sana hizo mambo. Na Problem X wa Uingereza alipochukua Evo 2018 akimfunga Tokido fainali alikuwa na M. Bison na pia Abigail, watu wawili wasiofanana hata chembe, mmoja jitu kubwa kabisa. Kwenye Tekken huko Knee wa Korea Kusini kajulikana kwa kuwa na kundi zima la karakta, unakaa naye hujui atamtoa nani. Njia zote zimewahi kufika juu, na wewe kumchukua Cammy kwa ajili ya JP haikufanyi umsaliti Zangief, nimeiona hiyo hofu kwenye barua hata kama hukuiandika wazi. Utaendelea kuwa mtu wa Zangief, kila atakayekaa mbele yako atajua hivyo, na hilo litakusaidia.

Maana sasa tunarudi kwenye sheria, umtoe lini. Mtu usiyemjua, anza na Zangief kila mara hata kama unahisi atakuwa JP. Ila hawa JP wawili unaowajua, anza na Cammy mechi ya kwanza. Usisubiri upigwe. Ukianza na Zangief unampa mechi ya bure alafu unamtaka Cammy akufufue, kumbe ukianza na Cammy mwenyewe, yule jamaa amejiandaa kwa Zangief, ana maandalizi yote ya mtu mzito na anakutana na mtu anayekimbia. Kama atakataa kuchagua wa kwanza akisubiri akuone, unaweza kuomba mchague kwa siri, kila mmoja anamwambia msimamizi karakta wake kabla ya kuingia, ni haki yako, watu hawaitumii. Cammy akishinda sasa kuna mawili. Abaki na JP, ambayo ndo unayoitaka. Au abadilishe, na hapo umefungwa na Cammy. Akikushinda hapo ruhusa inarudi kwako, mpo 1-1, na Zangief anaingia kupigana na huyo bakapu wake, na huyo bakapu wake pengine hajawahi kukutana na Zangief wa Master hata siku moja. Hesabu hiyo mi naipenda zaidi kuliko kuanza 0-1.

Akianza Cammy akapigwa na JP je? Hapo itabidi uamue kabla hujakaa kwenye kiti, siyo pale pale. Kama Cammy amepigwa lakini ulikuwa unafika, raundi zimeenda karibu karibu, baki naye. Kama hukufika kabisa mrudishe Zangief umshike anapoamka. Usibadilishe kwa hasira.

Dhalsim, nilisema tutaona. Yule jamaa naye ni wa mbali, mikono mirefu, na Cammy miguu yake itamfaa hapo pia kwa kiasi, ila usimfungulie mazoezi kwa sasa. JP kwanza.

Kazi moja nakupa kabla ya tonamenti. Nenda kawaangalie hao JP wawili wakicheza na watu wengine, usiangalie JP wao, angalia wakipoteza mechi ya kwanza wanahamia kwa nani, au wanabaki. Kama wanabaki na JP hata wakipigwa, basi Cammy hahitaji kitu kingine zaidi ya haya tuliyoandika. Kama kuna mmoja anahamia, niandikie jina la huyo karakta, mapema, tukae tuangalie Cammy anamfanyia nini na kama kuna kipande kingine kimoja cha kuongeza kwenye ile orodha fupi.

Kaka yako